Uso wa Mafuta, Udhu Mara Tano na Poda Isiyokaa

Ukitaka kujua kama ngozi yako ni ya mafuta kweli au ni jasho tu la visiwani, ipime siku ya mapumziko. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe kwa kuugusagusa na kitambaa safi, kisha usipake chochote kwa saa nzima. Kaa ndani, mbali na jiko na mbali na jua. Saa ikitimia, chukua tishu, ichambue ibaki tabaka moja, uibandike kwenye paji la uso, puani, kidevuni na mashavuni. Jasho huloanisha tishu halafu hukauka lisionekane tena. Mafuta huacha doa linalopitisha mwanga, na doa hilo halikauki. Likitoka kila pahala, ngozi yako ni ya mafuta. Likitoka kwenye paji, pua na kidevu tu, ngozi yako ni ya mchanganyiko, na mashavu usiyatese kwa dawa za kukausha. Likikosekana kabisa, basi kinachokung'arisha mchana ni jasho, na nusu ya vitu unavyoshawishiwa kununua soko la Darajani, hapa Zanzibar, huvihitaji.

Naanzia kwenye tishu kwa sababu uso wa mafuta kwetu huhukumiwa kabla ya kupimwa. Binti wa skuli akitoka vipele huambiwa haoshi uso vizuri. Basi anaosha zaidi, kwa sabuni ya mche, mara sita kwa siku, anasugua kwa dodoki, mpaka ngozi inakaza, inawasha na kuchunika, na mafuta yanatoka vilevile. Hana kosa. Mafuta hayo hutengenezwa na tezi zilizo ndani ya ngozi, zikiamrishwa na homoni na urithi, na joto huzichangamsha. Ndiyo maana uso uliotulia wakati wa kusi, mwezi wa 7, huwa unatiririka kaskazi ikishika mwezi wa 1 na wa 2. Sabuni haifiki kwenye tezi. Inaondoa mafuta yaliyokwisha kutoka, na ikizidi inaondoa hata yale machache yanayoilinda ngozi.

Wala mafuta ya mandazi hayapandi usoni. Kinachohusishwa zaidi na chunusi ni sukari na wanga unaoyeyuka haraka mwilini, na kwa baadhi ya watu maziwa. Anayekunywa soda mbili kwa siku aanzie hapo kabla ya kujinyima bajia.

Sasa lipo jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayaligusi, kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeosha uso asubuhi na usiku, basi. Wengi wetu tunatia udhu mara tano, na kila udhu uso hupata maji hadi mara tatu. Hiyo ni mikupuo kumi na tano kwa siku, hujagusa sabuni bado. Ukifuata ratiba ya watu wengine, losheni ya kukinga jua uliyopaka saa 1 asubuhi imeshaondoka adhuhuri nawe huna habari. Au umepaka ile isiyopitisha maji, na kwa kuwa kinachozuia maji kisifike kwenye ngozi lazima kiondoshwe kabla ya udhu, unajikuta unasugua uso kwa sabuni adhuhuri, alasiri na magharibi. Hapo ndipo nyuso nyingi zinapoharibika.

Ratiba ifuate swala. Sabuni ni mara mbili tu: asubuhi kabla ya kutoka, na usiku baada ya isha. Alfajiri, kama ulilala na uso safi, maji ya udhu yanatosha. Kabla ya kutoka nyumbani osha kwa sabuni, paka kitu chepesi cha unyevu kama unakihitaji, kisha losheni ya jua ya kila siku, nyepesi kama jeli au maji, isiyoandikwa kwamba inahimili maji ya bahari. Hiyo inatoka kirahisi kwa maji na viganja, na ikibaki nzito paji la uso, ipanguse kwanza kwa kitambaa chenye maji. Baada ya swala ya adhuhuri, paka tena. Wakati huo umeangukia vizuri, maana jua kali la kwetu ni la kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na losheni ya jua inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili hivi ukiwa nje. Alasiri, kama unarudi nyumbani kwa miguu au umekaa dirishani kwenye daladala, rudia. Kama umo ndani, acha uso upumzike. Magharibi hakuna cha kupaka. Baada ya isha ndiyo saa ya sabuni ya pili na ya dawa, kama unatumia dawa, kwa kuwa hapo uso hautaguswa na maji mpaka alfajiri.

Namna unavyokausha uso baada ya udhu ni jambo dogo lenye athari kubwa. Unguja kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa. Ya karibu na pwani yana na chumvi. Yakikaukia usoni huacha vumbi jeupe jembamba, lilelile linaloganda ndani ya birika, na ngozi huanza kukaza juu huku chini yake mafuta yanatoka. Gusagusa maji kwa kitambaa cha pamba ulichokitenga kwa kazi hiyo moja. Usitumie ncha ya mtandio uliouvaa tangu asubuhi, kwani una jasho, vumbi na poda ya jana.

Chokaa hiyohiyo ndiyo inayoifanya sabuni ya mche isifae uso. Ngozi yetu ina uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka uasidi unapozidi) ya karibu 5, na sabuni ya mche na nyingi za kipande ziko kati ya 9 na 10. Zaidi ya hapo, sabuni ya namna hiyo ikikutana na maji yenye chokaa hufanya utando. Tazama mzunguko wa kijivu unaobaki kwenye beseni baada ya kufua. Utando huo ndio unaobaki na shavuni. Sabuni ya maji ya uso, isiyo na chembechembe za kusugulia, haifanyi hivyo. Kiasi cha kunde mbili kinatosha uso mzima. Itoe povu viganjani kwanza, pitisha kwa ncha za vidole kwa nusu dakika hadi dakika moja, ukikaa zaidi pembeni mwa pua na kwenye kidevu, kisha suuza na mstari wa nywele, pahala ambapo povu husahaulika. Baada ya kukausha, pitisha kidole. Uso ukilia kama sahani iliyooshwa, sabuni hiyo ni kali kwako, hata kama sanduku limeandikwa ni ya ngozi ya mafuta.

Sabuni za mwani za kina mama wa pwani ya mashariki, Paje na kwengineko, nazipenda na ningependa kila nyumba iwe nazo. Lakini nyingi msingi wake ni mafuta ya nazi yaliyogeuzwa sabuni kwa kostiki, na hiyo ni sabuni inayosafisha kwa nguvu. Mwilini, hasa mgongoni, inafaa sana. Usoni iache.

Uso wa mafuta nao huhitaji unyevu, ila si wa krimu nzito. Hapa gliserini ya dukani, ile chupa ndogo ya bei ya chini, inashinda vitu vingi vya sanduku la kupendeza. Changanya kijiko kidogo 1 cha gliserini, yaani mililita 5, na vijiko vidogo 10 vya maji ya mawardi, utikise. Paka matone machache uso ukiwa bado na unyevu. Usizidishe gliserini ukidhani utafaidika zaidi, maana ikiwa nzito hunata na kukusanya vumbi la barabarani. Mawardi yawe yaliyokenekwa kutokana na maua. Mengine ni maji yaliyotiwa manukato na rangi, nayo huwasha. Soma chupa: ikitajwa rangi, iache. Na kwa kuwa mchanganyiko huu hauna kihifadhi, tengeneza kidogo, uweke kwenye friji, ukimaliza wiki mwaga uliobaki.

Kwenye dawa, nunua moja kwanza. Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya kitundu kilichoziba na kukilegeza. Ndiyo ya vipele vyeusi vya puani na vidogo vyeupe vya kidevuni. Anza usiku mbili au tatu kwa wiki. Niasinamidi, asilimia 2 hadi 5, hupunguza mng'ao taratibu na kusaidia madoa meusi kufifia. Ni pole, na ile ya asilimia 10 inayosifiwa kila pembe huwachoma wengine bila faida ya ziada. Benzoili peroksaidi ni ya chunusi nyekundu zenye usaha. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 10, ila haikaushi wala kuchoma sana. Paka kiasi cha punje ya mbaazi, uiache ikauke kabisa, na tandika taulo jeupe juu ya mto, kwani hupausha nguo. Mtandio mweusi uliogusana nayo hutoka madoa ya rangi ya chungwa, na hayafuliki.

Zote zinataka subira. Wiki nne hakuna la kuhukumu. Wiki nane hadi kumi na mbili ndiyo muda wa kusema imefaa au haikufaa. Anayebadilisha chupa kila baada ya siku kumi hajajaribu hata moja. Kitu kipya kianze kwenye kona ya taya kwa siku tatu, na kati ya kipya na kipya ziwepo wiki mbili, ili ukiwashwa ujue nani kakuwasha. Dawa za jamii ya adapaleni, asilimia 0.1, zinafanya kazi nzuri kwa chunusi sugu, ila mjamzito au anayetarajia mimba asizitumie. Azungumze na daktari kuhusu asidi ya azelaiki badala yake.

Kuna vipele vinavyowapoteza watu wengi hapa, na vinahitaji kutazamwa kwa karibu. Ni vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, vimejipanga paji la uso na kwenye mstari wa nywele kama upele wa joto, na vinawasha. Havina kichwa cheusi, havina usaha wa kubana. Ukivitibu kama chunusi haviondoki, na dawa ya vijiuavijasumu huweza kuvizidisha, kwa sababu mara nyingi hivyo ni vya fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta. Mazingira anayoyapenda tunamtayarishia wenyewe: nywele zilizopakwa mafuta ya nazi, kofia ya ndani ya ushungi iliyobana, jasho la muda wa saa nane, na kitambaa kilekile kesho yake. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo fangasi huyo anaweza kuitumia kama chakula. Nayo huziba vitundu pia. Mafuta ya nazi ni mazuri kwenye ncha za nywele na kwenye wali. Paji la uso lenye mafuta si pahala pake.

Kinachosaidia ni shampuu ya mba yenye ketokonazoli asilimia 2. Paka povu lake penye vipele, liache dakika 5, suuza, mara tatu kwa wiki, kwa wiki tatu au nne, ukilikinga lisiingie machoni. Kofia za ndani ziwe za pamba na ziwe tatu au nne ili kila siku uvae iliyofuliwa. Anayevaa nikabu afue kitambaa cha ndani kila siku vilevile, na asikitie kilainishi cha nguo chenye manukato.

Liwa, ule mti wa harufu nzuri unaosagwa kwa urembo, ina sifa yake na sitaki idharauliwe. Unga wa liwa, kijiko kidogo 1, ukorogwe kwa mawardi mpaka uwe kama uji mzito, upakwe mwembamba mara moja kwa wiki. Hunyonya mafuta na kuupoza uso. Kosa ni kuiacha mpaka ipasuke kama udongo wa kiangazi. Ikianza kubadilika rangi pembeni, dakika kama 10 hivi, iloweshe kwa maji, uilainishe, uitoe bila kusugua. Singo ya bibi harusi ni jambo jingine: ile ni ya kusugulia mwili, imesheheni maua na manukato, na usoni penye chunusi hukwaruza na kueneza.

Ndimu sikubaliani nayo kabisa. Maji yake yana pH ya karibu 2, na yana kemikali ambayo ikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya miezi. Anayejipaka ndimu kuondoa doa moja huvuna matano. Na mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba yote, ni makali mno kwa uso. Tone moja lisilochanganywa juu ya chunusi huacha kidonda, na kidonda kwenye ngozi nyeusi huacha alama kubwa kuliko chunusi yenyewe.

Madoa hayo ndiyo yanayowapeleka watu kwenye mkorogo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, au iliyopakuliwa kwenye kikopo na muuzaji, inaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufubaza rangi ya ngozi) au steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo na neva, na kwa mjamzito humfikia mtoto. Steroidi hudanganya vizuri zaidi: wiki ya kwanza chunusi hunyauka na uso hung'ara, watu wanakusifu; baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota mashavuni, na ukiacha ghafla uso mzima unalipuka. Aliyekwisha kuzitumia kwa miezi asiache peke yake nyumbani. Aende hospitali, Mnazi Mmoja kwa Unguja au Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, amwoneshe daktari hicho kikopo chenyewe. Vipodozi visiwani vinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, na kikopo kinachotiliwa shaka hupelekwa kwao. Doa la chunusi linafifia lenyewe kwa miezi kadhaa kama halipigwi na jua, na losheni ya jua yenye rangi ya ngozi hulikinga zaidi, maana madini ya chuma yanayoipa rangi huzuia na ule mwanga wa kawaida unaozidisha weusi. Kiasi chake ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Chini ya hapo, ile SPF 30 (kipimo cha kinga ya jua) iliyoandikwa kwenye chupa huipati.

Tuje kwenye mekapu, na tuchukue harusi ya usiku ya kaskazi, ukumbi umejaa, feni hazitoshi. Losheni ya jua haihitajiki, na hiyo ni tabaka moja zito limepungua. Osha uso, paka unyevu mdogo, kisha subiri dakika 10 kwa saa. Tabaka likipakwa juu ya jingine ambalo halijakauka, vyote huchambuka vijinyuzi kama ufutio wa penseli, na hakuna namna ya kuvirekebisha isipokuwa kuosha na kuanza upya. Praima, yaani krimu ya msingi inayotangulia fandesheni, ipakwe paji, pua na kidevu tu. Kama huna praima, bandika poda nyembamba sana sehemu hizo kabla ya fandesheni. Itakunywa mafuta yanayopanda kutoka chini.

Fandesheni iwe kidogo kuliko unavyodhani, na ipigwe kwa sponji iliyoloweshwa maji safi ikakamuliwa mpaka haidondoshi. Piga, usivute. Tabaka mbili nyembamba hukaa. Moja nene huteleza na kukusanyika pembeni mwa pua kufika saa 3 usiku. Kisha poda, nayo isukumwe ndani ya ngozi kwa kipande cha sponji kavu au pafu, ukiikunja kwenye kona za pua. Brashi laini huipaka juu juu, na poda ya namna hiyo ndiyo inayokatika kwanza.

Rangi ndiyo inayowatesa wengi. Fandesheni ikichanganyika na mafuta ya uso hugeuka, ikaiva kuelekea rangi ya kutu. Usiichague kwa kuipaka mkononi ndani ya duka lenye taa nyeupe. Paka mstari kwenye taya, toka nje, zunguka sokoni dakika 20, kisha jitazame mwangani. Ukisita kati ya mbili, chukua yenye rangi isiyokolea sana. Poda nyeupe, pamoja na ile ya watoto, huigeuza ngozi yetu rangi ya majivu, na zile zisizo na rangi zenye madini ya silika kwa wingi huonekana shwari kwenye kioo halafu kwenye picha unatoka uso mweupe shingo nyeusi. Kabla hujavaa buibui, zima taa, jipige picha kwa simu ikiwa na flashi. Dakika moja hiyo inaokoa albamu nzima. Poda yenye rangi ya njano au kahawia ya ngozi yako ni salama zaidi.

Ukiwa ukumbini ukaanza kung'aa, usiongeze poda juu ya mafuta, itafanya ubandiko. Tabaka moja la tishu, libandike, hesabu mpaka tano, inua. Rudia kwa upande safi. Ndipo uguse poda kidogo. Na ule mchanganyiko wa gliserini na mawardi usiunyunyize juu ya mekapu ukidhani utaishika. Utakuacha unang'aa kama umetoka baharini.

Wakati wa kununua, gawa bei kwa mililita. Chupa ya mililita 30 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 500 kwa mililita. Ya mililita 100 kwa 35,000 ni 350. Ila chupa kubwa ni nafuu ukiimaliza kabla haijaharibika: tazama alama ya kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M, ndiyo miezi inayokubalika baada ya kufungua. Usichukue iliyopangwa kwenye meza juani, hata kama tarehe haijafika, na ukiona lakiri imechezewa au maandishi yana makosa ya herufi, rudisha. Fedha ikiwa ya vitu viwili tu, nunua sabuni laini na losheni ya jua.

Ukirudi harusini saa 6 usiku umechoka, usilale na uso huo. Kijiko kidogo 1 cha mafuta ya watoto ya madini, yapitishe juu ya mekapu kavu mpaka iyeyuke, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha sabuni ya uso. Dawa usiku huo iache. Sponji ioshe palepale kwa sabuni ya maji mpaka maji yatoke meupe, ikamue, uiweke dirishani penye upepo. Usiirudishe kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi, maana kwa unyevu wa huku hushika kuvu ndani haraka, na kuvu hiyo huioni kwa nje mpaka uikate katikati.